Mkanda wa jeshi: kirusi nilichokaa nacho miaka 35 bila kujua

Nianze na hesabu ambayo mpaka leo inaniuma. Maumivu yalianza Jumapili usiku. Vipele vikatoka Jumatano. Kwa daktari aliyejua naumwa nini nilifika Jumatatu iliyofuata, siku ya sita ya vipele. Dawa ya huu ugonjwa inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, maana yake mpaka Jumamosi nilikuwa bado na nafasi, na hiyo nafasi nikaitumia kupaka krimu ya fangasi. Ukiishia kusoma hapa ukakumbuka hizo saa 72 tu mengine ukayasahau, mi sina neno.

Sasa hiyo Jumapili. Baba yangu alikuwa amelazwa wiki ya tatu, moyo, mimi na mdogo wangu tunapokezana kulala pale kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, afu mchana naenda kazini tunafunga hesabu za mwaka. Nilikuwa nalala masaa matatu tu kwa siku, siku nzuri manne. Usiku huo nikahisi kitu kama sindano upande wa kushoto chini ya titi, ikapita kwenye mbavu mpaka mgongoni. Haikuwa maumivu ya kukaa, yalikuwa yanakuja kama shoti ya umeme, yanaacha, yanarudi, na ngozi ya hapo ikawa na hisia ya ajabu, shati likigusa tu unahisi kama umeungua, ukifunua kuangalia hamna kitu kabisa, ngozi safi.

Upande wa kushoto, nina miaka 41, na baba yangu yuko kitandani kwa ajili ya moyo. Nikajua zamu yangu imefika. Nikashuka chini kitengo cha dharura cha hospitali hiyohiyo, wakanipima umeme wa moyo, wakachukua damu, vyote viko sawa, wakaniambia ni misuli, umelala vibaya kwenye kiti. Siwalaumu sana. Usiku ule hata ungenivua nguo zote usingeona chochote. Kosa langu ni kwamba ile "uko sawa" ya Jumapili niliichukua kama cheti cha kudumu, vipele vilipotoka Jumatano sikurudi, nikasema si walishanipima.

Kumbe ndo kawaida yake, maumivu yanatangulia. Siku moja, mbili, tano, wengine zaidi, unaumwa ngozi ambayo haina kitu. Watu wanatibiwa mgongo, wanatibiwa figo, wanatibiwa jino kama imeshika usoni, mpaka vipele vinapojitokeza ndo jibu linaonekana. Kwa hiyo ukiwa na maumivu ya kuchoma au ya shoti, upande MMOJA wa mwili, kwenye ngozi ambayo haitaki kuguswa, iangalie hiyo ngozi asubuhi na jioni, mgongoni mwambie mtu akuangalie maana mwenyewe huoni. Mimi vipele vya mwanzo vilitokea mgongoni na nadhani vilikuwepo tangu Jumanne jioni.

Jumatano mke wangu ndo aliviona. Akasema una vipele vyekundu huku vimejipanga. Nikaenda famasi, sikufunua hata shati, nikaeleza kwa mdomo tu kwamba nimetokwa na vipele vinawasha na kuchoma, nikapewa krimu ya fangasi na antibayotiki. Sijui yule kijana angefanya nini zaidi na mtu ambaye hataki kufunua shati. Ijumaa vimekuwa malengelenge, maji ndani, vimejikusanya kama vishada, mstari unatoka kwenye uti wa mgongo unazunguka mbavu unakuja mpaka karibu na mfupa wa kifua halafu unakata. Nakumbuka nilisimama kwenye kioo nikashangaa jinsi ulivyokata, kama mtu kapiga rula katikati ya kifua. Kulia hamna hata kimoja.

Jamaa kazini akaniambia huo ni mkanda wa jeshi, ukizunguka ncha zikikutana unakufa. Bas usiku nzima nikawa napima kwa vidole umebaki umbali gani. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Jumatatu nikafika kwa daktari mmoja mama mtu mzima, akaniambia, "Baba, hebu geuka," akaangalia hata sekunde tano hazikufika. "Tetekuwanga uliumwa lini?"

Nikamuuliza, "Daktari, tetekuwanga hii ya watoto?"

"Hiyohiyo. Haikuondoka."

Yaani hilo neno "haikuondoka" nilitoka nalo. Nilimpigia mama palepale nje, akasema mwanangu ulikuwa na miaka sita, ulianza wewe, wiki mbili baadaye akafuata dada yako, mlikaa ndani mnakwaruzana. Miaka 35. Nimesoma, nimeoa, nimezaa, na muda wote huo kulikuwa na kirusi kimekaa ndani ya neva zangu kinangoja.

Alinielezea hivi, na mengine nimekuja kusoma mwenyewe kwenye zile usiku za kutolala. Ukiwa na tetekuwanga kirusi kinasambaa ngozi nzima, mwili unapambana, vipele vinakauka, unapona. Lakini baadhi ya virusi vinaingia kwenye neva za hisia, zile zinazopeleka habari za mguso na maumivu, vinapanda mpaka kwenye mafundo ya neva yaliyojipanga pembeni ya uti wa mgongo na mengine kichwani. Pale vinakaa. Havizaliani, havitengenezi kirusi kipya, seli haziumwi, kinga haina cha kukamata. Kila fundo linahudumia utepe wake wa ngozi, na neva za kushoto zinaishia katikati ya mwili, hazivuki kwenda kulia. Ndo maana mstari wangu ulikata kama rula. Kilichoamka kwangu kiliamka kwenye fundo moja la kushoto kifuani, kikashuka na neva ileile kurudi kwenye ngozi. Na ndo maana ile habari ya ncha kukutana haina msingi, mkanda umetoka fundo moja la upande mmoja, utazungukaje? Wapo wachache wenye kinga dhaifu sana ambao vipele vinasambaa sehemu nyingi za mwili, hao ni dharura kweli, lakini sio kwa sababu ya kukutana.

Maumivu kutangulia nako kukaeleweka. Kirusi kinaanzia ndani ya neva, kinaiumiza kwanza neva yenyewe, ngozi inapata habari mwishoni.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Daktari akasema, "Nitaomba tupime na VVU, naomba hivyo kwa kila mtu wa umri wako mwenye mkanda wa jeshi." Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba kupima presha. Lakini mke wangu alikuwa kakaa pembeni yangu na nikaona uso wake umebadilika. Njiani kurudi hatukuongea. Nyumbani hatukuongea. Usiku akaniuliza swali moja tu, nikamjibu, akanyamaza, na mimi nikawa najiuliza kimoyomoyo ana kipi cha kuniuliza mimi na yeye asiulizwe, unaona mambo yanavyokwenda? Ugonjwa wa mbavu umeingia kitandani.

Ukweli ni huu. Mkanda wa jeshi upo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya VVU, na kwa kijana au mtu wa umri wa kati inaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa kuonekana, kwa hiyo daktari asiyekupima ndo wa kumshangaa. Lakini watu wengi sana wanaupata bila VVU. Marekani wanakadiria mtu mmoja kati ya watatu ataupata katika maisha yake. Umri peke yake unatosha. Tulienda kupima wote wawili siku moja, hilo lilikuwa wazo lake na lilituokoa, majibu yalikuwa hasi, lakini zile siku mbili kabla ya kwenda kupima zilikuwa ndefu kuliko vipele vyenyewe. Ningeambiwa nichague, ningetaka mtu anielezee mapema kwamba kipimo ni cha kawaida, kisha tuongee na mwenzangu KABLA ya kutoka kwenye chumba cha daktari, sio kubeba ukimya mpaka nyumbani.

Kitu kingine kilichonitoa jasho ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ana mimba ya miezi sita, na Jumamosi nilimkuta wodini nikamsaidia kubeba mtoto wao mwingine. Mkanda wa jeshi wenyewe huwezi kumwambukiza mtu, hauhami kutoka kwangu kuja kwako. Ila maji ya yale malengelenge yana kirusi hai, akiyagusa mtu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa tetekuwanga, anaweza kupata tetekuwanga. Kwa mjamzito, kwa mtoto mchanga, kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga, hiyo sio mchezo. Yeye hakumbuki kama aliugua utotoni na mama yake hayupo wa kumuuliza. Akapimwa damu kuangalia kinga, ikakutwa ipo, alishaugua bila kukumbuka. Vyangu vilikuwa vimefunikwa na nguo muda wote, hiyo ilisaidia, lakini sikufunika kwa akili, nilifunika kwa sababu nilikuwa naona aibu. Vifunike mpaka vikauke vyote viwe magamba, nawa mikono, usichangie taulo, na wodini usiende. Mimi nilikuwa nakwenda wodi ya wagonjwa wa moyo na malengelenge kifuani, nikifikiria hilo najisikia vibaya mpaka leo.

Dawa nilipewa ingawa nilikuwa nimechelewa, kwa sababu malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka, akasema ikiwa hivyo bado inafaa. Asaiklovia, miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba. Mara tano! Niliweka alamu kwenye simu na bado siku ya tatu niliruka dozi mbili. Kuna ndugu yake anaitwa valasaiklovia ambayo ni mara tatu kwa siku, ukiwa mtu wa kusahau kama mimi muulize daktari kama inapatikana. Na unywe maji ya kutosha kwa ajili ya figo, mwenye tatizo la figo aseme kabla hajaandikiwa maana dozi inapunguzwa.

Niliuliza swali ambalo nadhani kila mtu analiuliza, hii dawa itakitoa? Akasema hapana, itakirudisha kulala. Nilichukia, nikaona ni dawa nusu. Baadaye nikasoma inavyofanya kazi nikaiheshimu. Asaiklovia ikiingia kwenye seli nzima haifanyi kitu cha maana, inapita. Ikiingia kwenye seli ambayo kirusi kimeamka, kirusi chenyewe kina kimeng'enya kinachoiwasha, yaani kinajifungia mlango mwenyewe, halafu dawa inaingia kwenye mnyororo wa DNA mpya unaotengenezwa na kuukata. Imetokana na kazi ya maabara aliyokuwamo Gertrude Elion, aliyepata Nobel mwaka 1988. Sasa fikiria, dawa inahitaji kirusi kinachofanya kazi ili iwake. Kilicholala hakitengenezi kile kimeng'enya, hakinakili DNA, dawa haina pa kushika. Hapo ndo utaelewa kwa nini kulala ni ujanja mkubwa kuliko kushambulia.

Nikawa na usiku mwingi wa kusoma. Maumivu yalikuwa hayaniruhusu kulala upande wowote ule, nakaa kwenye kiti sebuleni na simu. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua NANI kakiamsha. Nilitaka mtuhumiwa. Kazi? Kile kiti cha hospitali? Hofu ya baba? Nikiwa na hasira nilikuwa namtaja bosi wangu.

Cha kwanza nilichogundua ni kwamba hata kujua kwamba ni kirusi kilekile kumechukua muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Hungary, von Bókay, aliona watoto wanapata tetekuwanga baada ya kukaa karibu na mtu mwenye mkanda wa jeshi. Miaka ya 1950 Thomas Weller wa Marekani akakuza virusi kutoka kwa wagonjwa wa aina zote mbili na kuonyesha ni kitu kimoja. Na mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida tu wa kutibu familia huko Cirencester Uingereza, sio mtu wa maabara kubwa, akatoa maelezo kwamba kirusi kinabaki kimelala kwenye mafundo ya neva na kinaamka kinga ikishuka. Alifika mpaka kisiwa cha Yell kule Shetland, jamii ndogo iliyojitenga, kufuatilia nani aliugua nini. Yaani huyu mtu alielewa ugonjwa wangu kwa kusikiliza wagonjwa na kuandika kumbukumbu. Nilimpenda.

Cha pili ni kwamba kulala kwenyewe ni kazi. Mi nilidhani kirusi kimelala kama jiwe. Kumbe DNA yake imejikunja duara ndani ya kiini cha seli ya neva, imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, zimeikaza kama uzi kwenye kidonge chake kiasi kwamba karibu jeni zake zote hazisomeki. Chache sana ndo zinasikika. Seli ya neva haigawanyiki, inaishi nawe maisha yote, kwa hiyo ni nyumba ambayo haibomolewi. Na juu ya hapo kuna walinzi, seli T za kinga, ambazo zinakijua kirusi hiki tangu utotoni, kikijaribu kunyanyua kichwa zinakizima kabla hujahisi chochote. Kwa hiyo kuamka kunahitaji mambo mawili, kifungo ndani ya seli kilegee, na walinzi nje wawe wachache au wamechoka. Walinzi hao wanapungua na umri hata ukiwa na afya njema, ndo maana baada ya miaka 50 kesi zinapanda. Wanapungua kwa VVU, kwa saratani za damu, kwa dawa kama prednisoloni ya dozi kubwa ya muda mrefu, kwa dawa za waliopandikizwa figo.

Ile ya kifungo kulegea nimeielewa kwa mfano wa virusi vya bakteria, ambao ndo mfano wa zamani. Mwaka 1950 Ufaransa, Taasisi ya Pasteur, André Lwoff na wenzake walikuwa na bakteria ambazo zinabeba kirusi kilicholala kizazi kwa kizazi bila shida. Wakazimulika kwa miale ya urujuanimno, ile iliyopo kwenye jua. Haikupita muda zikapasuka karibu zote zikamwaga virusi. Baadaye ikajulikana ni kwa nini: miale inaharibu DNA ya bakteria, bakteria inapiga king'ora cha kujiokoa, na king'ora hichohicho kinavunja protini iliyokuwa inakikalia kirusi. Kirusi kinasikia nyumba inaungua kinatoka. Lwoff alipata Nobel mwaka 1965 pamoja na Jacob na Monod.

Kwetu sio mashine ileile lakini tabia inafanana. Ndugu wa kirusi changu, hepesi ya mdomoni, inayoleta vile vidonda vya mdomo, yeye anaamka kwa jua kali, kwa homa, kwa msongo, na kwenye seli za neva za maabara wameona kwamba seli ikinyimwa kichocheo chake cha ukuaji au ikipigwa na msongo, ishara za ndani zinabadilisha zile histoni na jeni za kirusi zinaanza kusomeka. Wanaanga nao. NASA, shirika la anga la Marekani, walipima mate ya wanaanga wakiwa safarini wakakuta zaidi ya nusu wanatoa virusi vya familia ya hepesi vilivyoamka, wengi wao hata hawaumwi chochote. Watu waliochaguliwa kwa afya!

Hiyo ya wanaanga ilinituliza kidogo na kunikera kidogo. Nilimpelekea daktari mtuhumiwa wangu, nikamwambia ni kile kiti na zile usiku za kutolala. Akasema inawezekana. Akasema pia ana wagonjwa wametoka likizo, wamelala vizuri, wameupata. Kwa mtu mmojammoja huwezi kujua. Nikabaki sina wa kumshtaki, ikanichukua muda kukubali, na bosi wangu nilishamnunia mwezi mzima.

Nisipite bila kusema hili kwa sababu linaweza kumsaidia mtu zaidi ya habari zangu. Tetekuwanga sio kirusi pekee kinacholala. Homa ya ini B inaacha duara la DNA ndani ya seli za ini hata kwa mtu aliyeambiwa kapona, akija kupewa kemo ya saratani au dawa ya kushusha kinga kama rituksimabu inaweza kuamka na kuua ini. Kwa hiyo kabla hujaanza dawa yoyote ya kushusha kinga uliza, nimepimwa homa ya ini B? Na VVU vyenyewe vinajichomeka ndani ya DNA ya seli za kinga za kumbukumbu na kunyamaza, dawa za kufubaza zinazuia vinavyozaliana tu, ndo maana mtu ambaye kirusi hakionekani tena kwenye damu akiacha dawa, kwa walio wengi ndani ya wiki chache kinarudi. Aliyekwambia acha dawa umeshapona hajui habari ya kulala.

Vipele vyangu vilikauka kama wiki ya tatu. Nikajua imeisha. Haikuisha. Yakabaki maumivu, ngozi imepona lakini neva haijapona, shati likipita ni moto, maji ya bafuni yakidondoka pale naruka. Miezi mitatu ikipita hali ikiwa hivyo yana jina lake, ni maumivu ya neva baada ya mkanda wa jeshi, na wazee ndo wanaumia zaidi. Mimi yalikwenda miezi mitano. Panado hazikufanya kitu, nilizimeza kama karanga, hilo nalo kosa. Maumivu ya neva yana dawa zake, gabapentini, pregabalini, amitriptilini. Nilipewa amitriptilini usiku, nikasoma karatasi nikaona ni dawa ya sonona, nikakasirika kwamba daktari anadhani nimechanganyikiwa, nikaiacha wiki mbili nzima. Kumbe kwa dozi ndogo inatuliza neva, na ndo ilinirudishia usingizi, ingawa asubuhi mdomo mkavu na kichwa kizito mpaka saa nne. Ni ya kupanda polepole, usitegemee siku ya kwanza. Nguo laini za pamba zilisaidia, na kuna watu wa plasta zenye dawa ya ganzi, mimi sikuzipata. Siku za kazi nilizopoteza ni 19, nimezihesabu, na mwezi wa pili nilikuwa mtu wa kufokea watoto kwa sababu ya kifungo cha shati.

Kama vyako viko usoni acha kusoma nenda sasa hivi. Hasa kipele kwenye ncha ya pua, maana tawi la neva linalofika pale ndo linafika jichoni, na jicho linaweza kupotea. Sikioni na uso kupinda upande mmoja, vilevile, siku hiyohiyo.

Chanjo ipo. Ya sasa inaitwa Shingrix, ilipitishwa Marekani mwaka 2017, dozi mbili zinapishana miezi miwili hadi sita, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea na kwa watu wazima wenye kinga dhaifu, na kwenye majaribio ilizuia zaidi ya asilimia 90. Haikitoi kirusi kilicholala, inawaongeza nguvu wale walinzi. Haipatikani kila mahali, itabidi uulizie. Mimi umri haujafika na kwa sasa nimeambiwa nisubiri, ingawa kuupata mara moja hakuzuii kuupata tena.

Baba aliruhusiwa, akapona vizuri, ana miaka 73, nikamwambia mzee wewe ndo wa kwanza. Akagoma miezi, alisema nimeugua moyo sio ngozi. Akachoma ya kwanza, akachoma ya pili. Baada ya ya pili akanipigia saa kumi na moja alfajiri, mkono unauma, mwili umechoka, ana homa kidogo, anataka kujua kwa nini nimemtia ugonjwa wangu. Nikamwambia baba hamna kirusi humo, ni protini moja tu ya kirusi na kitu cha kuamsha kinga, kesho au keshokutwa itaisha. Akasema, "Kuamsha tena? Si ulisema shida yenu ni kuamsha?"

Nikakosa jibu, nikamwambia alale.